Mungu Yu Pamoja Nasi Saa ya Hofu

Somo kwa wakatekumeni



Katika masomo yaliyotangulia mmejifunza ya kuwa Mungu ni mmoja tu, ya kuwa yeye ndiye aliyeumba mbingu na dunia, na ya kuwa yuko mahali pote. Neno hili la mwisho ni rahisi kulitamka mchana, watu wakiwa wengi na jua likiwaka. Lakini usiku, moto umezimika, mtoto anahema kwa homa, bundi analia juu ya paa, neno lile lile huwa gumu. Saa hiyo ndiyo inayoonyesha kama neno la Mungu limeingia moyoni au limebaki midomoni.

Basi leo tutalitazama tena, nasi tutajiuliza: Mungu akiwa mahali pote, yuko nami namna gani ninapoogopa? Na kuwapo kwake kunanifaa nini?

I. HOFU NI KITU GANI

Hofu ni mshtuko wa moyo wa mtu aonaye hatari inakuja, naye hajioni kuwa na nguvu za kuizuia. Mungu hakutuumba bila mshtuko huo, kwa maana unatulinda. Mvuvi wa Kindu atakaye kuvuka Lualaba kwenda Alunguli hutazama kwanza mawingu. Akiona upepo wa dhoruba unakuja, haingizi mtumbwi majini, hungoja. Je, mtu huyo ametenda dhambi? Hasha. Ametumia akili aliyopewa na Mungu.

Tena Bwana wetu Yezu Kristu mwenyewe, usiku ule wa kukamatwa kwake katika bustani ya Getsemani, alijaa huzuni na hofu hata jasho lake likawa kama damu. Yeye hakuwa na dhambi hata moja. Kwa hiyo kuhisi hofu si dhambi, wala si alama kwamba imani yako imekufa.

Lakini iko hofu nyingine, ile inayopanda kiti cha mfalme ndani ya moyo na kuanza kutoa amri. Hiyo huzaa mabaya matatu.

Kwanza, humrudisha mtu gizani. Ameanza kusali, ameandikwa katika daftari la katekista, lakini mtoto akiugua huenda usiku kwa mganga wa ramli kununua hirizi, na asubuhi huja kanisani kana kwamba hakuna jambo.

Pili, humfanya mtu amwumize jirani yake. Kifo kikiingia nyumbani, hofu husema: lazima yuko aliyekileta. Kisha macho huanza kutafuta, na mara nyingi huanguka juu ya mtu asiye na wa kumtetea: bibi mzee mjane, au mtoto yatima. Huitwa mlozi, hufukuzwa, hupigwa, pengine huuawa. Hofu iliyotawala mioyo ya watu wengi imemwaga damu ya mtu asiye na kosa.

Tatu, hofu humfunga mtu mdomo. Aona jirani yake anadhulumiwa, naye hukaa kimya. Ajua ukweli, naye huapa uongo.

Mwaona basi kwamba habari hii si ndogo. Hatutafuti faraja ili tulale usingizi mtamu tu. Twaitafuta ili hofu isitufanye kuwa watu wabaya.

II. MUNGU YUKO WAPI SAA YA HOFU

Asubuhi nyingine ukungu hufunika Lualaba. Ukisimama kwenye ukingo wa Kindu huoni ukingo wa pili, huoni mitumbwi, waona weupe tu. Je, Alunguli imeondoka? Haikuondoka. Iko pale pale, na watu wake wanawasha moto na kutwanga mihogo. Ni macho yako yaliyozuiliwa. Hofu ni kama ukungu ule. Haimwondoi Mungu, yatuzuia tusimwone.

Tazameni tena mama avukaye mto na mtoto wake mgongoni. Mtoto hajui kina cha maji, hajui kupiga kasia, hamjui mwenye mtumbwi. Kitu kimoja tu anakijua: mgongo wa mama yake. Mtumbwi ukiyumba hulia, kisha hukaza shavu lake kwenye mgongo ule na kunyamaza. Maji hayakupungua, lakini mtoto ametulia kwa sababu hayuko peke yake.

Katika Injili twasoma habari ya mitume waliokuwa wakivuka ziwa jioni pamoja na Yezu. Dhoruba kubwa ikaja, mawimbi yakaingia chomboni, naye Yezu alikuwa amelala. Mitume wakamwamsha kwa kelele, wakidhani kwamba hajali kama wanaangamia. Akaamka, akaamuru upepo na bahari, kukawa shwari, kisha akawauliza sababu ya hofu yao na mahali ilipo imani yao.

Yashikeni mambo mawili katika habari hii. La kwanza: Yezu alikuwamo chomboni kabla dhoruba haijatulia. Hakuja baadaye, alikuwamo tangu mwanzo. La pili: mitume walimlilia kwa maneno ya watu wenye hofu, karibu ya kumlaumu, naye hakuwatupa majini. Aliwasikia kwanza, ndipo akawafundisha. Nawe ukimlilia Mungu kwa maneno mabovu ya mtu aliyeshtuka, atakusikia.

III. KUWAPO KWA MUNGU SI DAWA YA VITA

Hapa wengi hupotea, kwa hiyo twende polepole. Mtu aweza kuacha hirizi ya zamani na kumfanya Mungu kuwa hirizi mpya. Husema: nikibatizwa sitaugua, nikivaa msalaba mwizi hataniona, nikisali risasi haitanipata. Hiyo si imani ya Kikristu. Ni uganga uliovikwa nguo ya Kanisa.

Nchi yetu ilionyeshwa jambo hili kwa machozi. Mwaka wa 1964 waasi walioitwa Simba walienea katika mashariki ya Kongo. Katika mwezi wa Julai mwaka huo waliushika mji wa Kindu, nao ukatoka mikononi mwao mwezi wa Novemba. Katika miezi hiyo watu wengi waliuawa mjini. Wapiganaji wale, wengi wao vijana, walinyunyiziwa maji ya dawa, wakaambiwa kwamba risasi zitageuka kuwa maji. Walipewa miiko mingi ya kushika. Walikwenda vitani wakipiga kelele za kuyataja maji hayo, na askari wengi waliosimama mbele yao walikimbia, kwa maana nao waliiogopa dawa ile.

Lakini risasi hazikugeuka kuwa maji. Vijana walianguka kwa mamia. Na kila kijana alipoanguka, iliwezekana kusema: alivunja mwiko. Fikirini sana neno hilo. Dawa ya namna hiyo haikosi kamwe, mwenye kosa huwa ni yule aliyekufa. Haina huruma kwa marehemu, wala haina faraja kwa mama yake. Hata baadaye, tangu miaka ya 1990, vikundi vingine vya wapiganaji katika mashariki ya Kongo, vilivyoitwa Mai-Mai, vilirithi jina la maji hayo pamoja na dawa zake, na akina mama wakaendelea kulia.

Mungu hatuahidi jambo la namna hiyo. Hakusema kwamba Mkristu hatapatwa na homa, na mto, na chui, na watu wenye silaha. Ameahidi jambo lingine: kwamba hatatuacha peke yetu, wala leo wala saa ya kufa, na kwamba kifo chenyewe hakitamshinda yule aliye mikononi mwake. Dawa yaahidi kuiondoa hatari, nayo haiwezi. Mungu aahidi kuwa pamoja nasi hatarini, naye aweza.

IV. MFANO: MWENYE HERI ANUARITE

Katika mwaka ule ule wa 1964 Mungu alituonyesha jambo hili katika binti wa nchi yetu.

Anuarite Nengapeta alizaliwa Wamba, kaskazini-mashariki ya Kongo, mwaka wa 1939. Aliingia katika shirika la masista wa Jamaa Takatifu huko Bafwabaka, akaweka nadhiri zake mwaka wa 1959, akaitwa Sista Marie-Clémentine. Hakuwa mtu mkuu. Alifanya kazi za shuleni na za nyumbani kama wenzake.

Tarehe 29 Novemba 1964 Simba walifika Bafwabaka na lori, wakawachukua masista wote, wakawapeleka mpaka Isiro. Huko mkubwa mmoja wa waasi alimtaka Anuarite awe mke wake. Alikataa, kwa kuwa alikuwa amejitoa kwa Mungu. Wakamtisha, akakataa tena.

Je, hakuogopa? Aliogopa. Jioni ile alifadhaika hata chakula kikamshinda, akawaomba wenzake wamwombee. Tusimchore kama jiwe lisilohisi kitu. Alikuwa msichana wa miaka 24, mbele ya watu wenye bunduki, katika mji wa ugeni. Lakini hofu haikuketi kwenye kiti cha mfalme. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, kanali mmoja wa waasi alijaribu kumwingiza kwa nguvu katika motokari. Alikataa mpaka mwisho. Akapigwa, akachomwa kwa visu vya bunduki, akapigwa risasi. Kabla ya kufa alimwambia yule aliyempiga kwamba anamsamehe, kwa kuwa hajui atendalo.

Mfukoni mwake alikuwa na sanamu ndogo ya Bikira Maria. Sanamu ile haikuizuia risasi. Kama ingekuwa hirizi, tungesema imeshindwa. Lakini Anuarite hakuichukua ili imkinge na risasi. Aliichukua kama mtoto achukuavyo kumbukumbu ya mama yake, ili akumbuke yu mali ya nani.

Sasa mtu atauliza: Mungu alikuwa wapi usiku ule? Mbona hakumzuia mwuaji? Swali hilo si dhambi, hata watakatifu wameliuliza kwa machozi. Nasi hatujui sababu za Mungu zote. Ila twajua mahali pa kutazama: msalaba. Huko Kalvario pia Mungu hakuzizuia nyundo. Lakini Baba hakumwacha Mwana kaburini, siku ya tatu alimfufua. Alikuwa pamoja na Mwana wake msalabani, akawa pamoja na Anuarite huko Isiro.

Mwataka alama ya kwamba alikuwa pamoja naye? Itazameni ile samahani. Moyo wa binadamu peke yake, ukiwa katika maumivu na hofu, hutoa laana. Moyo wa Anuarite ulitoa msamaha. Hakuna dawa ya vita iwezayo kutia kitu kama hicho moyoni mwa mtu. Ni Mungu aliyekuwamo.

Tarehe 15 Agosti 1985, huko Kinshasa, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Anuarite kuwa Mwenye Heri, naye akatamka hadharani kwamba anamsamehe mwuaji wake. Kanisa humkumbuka kila tarehe 1 Desemba.

V. ALAMA ZETU TUZIVAE NAMNA GANI

Yafaa tutaje na mwingine. Isidore Bakanja alikuwa kijana wa mkoa wa Equateur, fundi wa kazi za uashi, aliyebatizwa mwaka wa 1906. Alivaa skapulari ya Bikira Maria shingoni, akawafundisha wenzake kusali. Mzungu mmoja, msimamizi wa shamba la mpira alikofanya kazi, aliichukia dini yake. Mwaka wa 1909 aliamuru apigwe kwa mjeledi wa ngozi wenye misumari, mpaka mgongo wake ukawa kidonda kimoja. Bakanja aliteseka miezi mingi, akamsamehe mtesaji wake, akaahidi kumwombea mbinguni, akafa tarehe 15 Agosti mwaka ule ule. Alitangazwa Mwenye Heri mwaka wa 1994.

Skapulari haikuzuia mjeledi. Yeye naye hakuivua.

Basi, ninyi mtakaopewa msalaba, medali na rozari, fahamuni tofauti. Hirizi husema: nishike, nami nitafanya kazi, hata moyo wako ukiwa mbaya. Msalaba husema: mkumbuke yule aliyekupenda, ukae naye. Hirizi hufichwa chini ya nguo, wala hutaki watu waijue. Msalaba wachorwa juu ya paji la uso mbele ya watu wote. Hirizi hununuliwa kwa kuku na kwa fedha. Upendo wa Mungu haununuliwi.

VI. MAMBO YA KUFANYA SAA YA HOFU

1. Fanya ishara ya msalaba, polepole. Siku ulipopokelewa kuwa mkatekumeni ulitiwa alama hiyo kwenye paji la uso, kabla hujapata maji ya ubatizo. Basi tayari ni yako. Usingoje ubatizo ndipo uitumie.

2. Mwambie Mungu hofu yako kwa jina lake. Usiseme tu, Bwana, nisaidie. Sema: Bwana, naogopa kwamba mtoto wangu atakufa. Bwana, naogopa watu wale walioingia kijijini jana. Hofu isiyotajwa hukua gizani kama uyoga.

3. Fanya kazi iliyo mbele yako. Mtoto akiwa na homa, sali ukiwa njiani kwenda kwenye zahanati, usisali ukiwa umeketi nyumbani huku homa ikipanda. Muuguzi na kidonge ni vyombo vya Mungu. Mto ukichafuka, ngoja. Kukiwa na vita, kuondoka mahali pa hatari si kukosa imani. Mtakatifu Yosefu naye alimchukua Mtoto na Mama yake usiku, akakimbilia Misri.

4. Usikae peke yako. Mwite katekista, mwite mama wa ubatizo, waite Wakristu wa jirani msali pamoja. Anuarite aliwaomba wenzake wamwombee, sembuse sisi. Nawe ukisikia kwamba jirani yu katika hofu, mwendee bila kungoja kuitwa. Mara nyingi Mungu hutuonyesha kuwapo kwake kwa miguu ya mtu agongaye mlango wetu usiku.

5. Usitafute mtu wa kulaumu. Mtu akifa, lia pamoja na waliofiwa, mzike, mwombee. Ukisikia jina la jirani linatajwa kuwa mlozi, usilichukue na kulipeleka mbele. Simama upande wa yule bibi mzee. Pengine siku hiyo wewe ndiwe utakayekuwa alama ya Mungu kwake.

MASWALI NA MAJIBU

(Katekista aulize, wakatekumeni wajibu pamoja, kisha mmoja mmoja aeleze kwa maneno yake.)

Je, kuhisi hofu ni dhambi?
Sivyo. Yezu mwenyewe alihisi hofu katika Getsemani. Dhambi ni kuiacha hofu itutawale mpaka tukamwacha Mungu au tukamdhulumu jirani.

Mungu yuko wapi ninapoogopa?
Yuko pamoja nami, hata nisipomwona wala kumhisi, kama vile ukingo wa mto ulivyopo nyuma ya ukungu.

Je, Mungu ameahidi kwamba Mkristu hatapatwa na mabaya?
Sivyo. Ameahidi kutotuacha katika mabaya, na kutufufua siku ya mwisho.

Kwa nini msalaba na medali si hirizi?
Kwa sababu nguvu haimo katika chuma wala mti. Ni alama zinazotukumbusha Mungu aliye hai, ili tumtumaini na kumfuata.

Mwenye Heri Anuarite atufundisha nini?
Atufundisha kwamba mtu aogopaye aweza kubaki mwaminifu na kusamehe, Mungu akiwa pamoja naye.

KUSUDI LA JUMA HILI

Kila jioni, kabla ya kulala, mkusanye watu wa nyumba yako, hata kama wengine hawajaamini. Fanyeni ishara ya msalaba. Kila mmoja ataje jambo moja analoliogopa, mdogo kwa mkubwa. Mtu asimcheke mwenzake. Kisha mliweke mikononi mwa Mungu kwa sala ya Baba Yetu.

Aliye na hirizi iliyofichwa nyumbani, na aitafakari juma hili. Asilazimishwe, wala asiaibishwe mbele ya watu. Akiwa tayari, na ailete kwa katekista au kwa padri. Atakapoitoa mikono yake itakuwa mitupu, na mtu mwenye mikono mitupu huona baridi mwanzoni. Hapo ndipo Wakristu wote wa kijiji wapaswa kukaa karibu naye.

SALA

Ee Mungu Baba yetu, wewe waona usiku kama mchana. Watujua majina yetu, nayo mambo tunayoyaogopa wayajua kabla hatujayasema. Utusamehe mara zote tulipokimbilia gizani, na mara tulipomwumiza jirani kwa sababu ya hofu. Hatukuombi utuondolee kila dhoruba. Twakuomba tukujue kuwa umo chomboni pamoja nasi. Kwa maombezi ya Bikira Maria, ya Mwenye Heri Anuarite na ya Mwenye Heri Isidore, utulinde usiku huu, sisi na watoto wetu, na wagonjwa, na wasafiri wa mtoni, na wale wote walalao msituni kwa kuwakimbia watu wenye silaha. Na saa yetu ya mwisho itakapofika, tusiione kama shimo, bali kama mkono wako. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.